Tamthilia Zetu na Sikio la Bibi

Tangu mtoto wa jicho aanze kuyafunika macho ya bibi yangu, yapata miaka minne sasa, kila niendapo Tanga kumjulia hali tunatazama televisheni pamoja, na ninaposema tunatazama nina maana kwamba mimi ndiye ninayetazama, naye anasikiliza. Hukaa chini kwenye mkeka, mgongo ameuegemeza ukutani, vidole vikisuka ukili ambao hauhitaji tena macho yake, na kila anaposhindwa kutambua nani ameingia au nani amekasirika, huniuliza. Tamthilia ikiwa nzuri, saa nzima hupita bila swali. Ikiwa mbaya, huniuliza mpaka nami nikasahau ninachokitazama. Nimejikuta nikizipima filamu na tamthilia zetu kwa idadi ya maswali yake, na maoni ninayoyaandika hapa yametokana na kipimo hicho. Naamini udhaifu mkubwa wa kazi zetu hauko kwenye kamera, mavazi wala nyumba za kuigizia. Uko kwenye mazungumzo, yaani kwenye Kiswahili wanachopewa wahusika wakiseme.

Mwaka jana tulikuwa tukifuatilia tamthilia moja, ambayo sitaitaja jina, yenye mhusika mvuvi. Picha zilikuwa safi kabisa: pwani, ngalawa, jua linakuchwa, kijana amekunja suruali mpaka magotini akikung'uta wavu. Kijana akamwambia mkewe, "Mpenzi wangu, leo sitaweza kwenda kuvua samaki kwa sababu hali ya bahari si nzuri." Bibi akaacha kusuka. "Mume wangu," akaniita, kwa ule utani wa bibi na mjukuu, "huyu anayesema ni nani?" Nikamwambia ni mvuvi. Akasema, "Mvuvi gani huyu? Hajapata kumwita mtu aliye chomboni."

Nilichukua muda kuelewa kwamba alikuwa akidai vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni sauti, kwa sababu mtu aliyekulia baharini amezoea kushindana na upepo, na hata akiwa amekaa ndani kwake huzungumza kama mtu anayemfikia mwenzake wa ng'ambo ya pili. Cha pili ni maneno. Mvuvi wa Tanga hatamwambia mkewe kwamba haendi "kuvua samaki", maana hakuna kingine anachokwenda kuvua. Atasema tu "leo hatutoki", na akiulizwa sababu atataja kusi, yaani ule upepo wa kusini, au atasema maji mafu, yaani bahari haijai wala haikupwi sana, na mke ataelewa papo hapo kwamba kitoweo cha jioni kitafutwe kwingine. Sentensi ya kijana yule haikuwa na kosa la sarufi hata moja, lakini ilikuwa sentensi ya mtu anayejaza fomu, na mara tu ilipotamkwa, ngalawa na jua lile vyote vikageuka picha za ukutani.

Nionavyo mimi, kasoro hii huanzia mezani, pale mwandishi anapoyafikiria mazungumzo kwa lugha ya mfadhili au kwa Kiswahili cha mtihani, kisha akawagawia wahusika wote maneno yaleyale, mama ntilie na meneja wa benki wakasemeshwa kwa kinywa kimoja. Kosa la upande wa pili nalo lipo, na limekuwa desturi: tajiri akitaka kumfukuza mfanyakazi wa ndani hugeukia Kiingereza ghafla, kana kwamba hasira haiwezi kukamilika kwa Kiswahili. Kila aliyekulia uswahilini anajua kwamba mtu anaweza kumfukuza mwenzake kwa neno moja tu, "Haya," likitamkwa kwa utulivu na macho yakiangalia mlango, na neno hilo likauma kuliko matusi ya dakika tano. Mwigizaji anayeweza kulisema "haya" hilo ipasavyo tunaye. Asiyepatikana ni mwandishi wa kumwandikia.

Kwa sababu hiyo naiweka filamu ya Vuta N'kuvute juu ya kazi nyingine zote za Kiswahili nilizozitazama miaka ya karibuni. Mwongozaji Amil Shivji aliitoa mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa 1999, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Toronto, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kugombea tuzo ya Oscar ya filamu za kimataifa, jambo ambalo nchi yetu haikuwa imelifanya tangu filamu ya Maangamizi mwaka 2001. Wengi wameisifu kwa rangi zake na kwa namna kamera inavyopenya vichochoro vya Mji Mkongwe usiku, nami siwapingi, lakini kilichonishika mimi ni kwamba wahusika wake wanasema kama watu waliozaliwa mahali. Yasmin, binti wa Kihindi anayeitoroka ndoa ya mume mzee asiyemtaka, hasemi kama Mwajuma anayempokea nyumbani kwake, na Denge, kijana anayepambana na utawala wa Mwingereza katika miaka ya 1950, hasemi kama yeyote kati yao. Jina la filamu lenyewe ni somo: limebaki kama riwaya ilivyoliandika, N'kuvute, kama linavyotamkwa mdomoni, wala halikusahihishwa likawa Nikuvute.

Siti Amina, aliyeigiza Mwajuma, ni mwimbaji wa Zanzibar katika maisha yake ya kweli, na hilo linasikika hata anapozungumza tu. Huivuta silabi ya mwisho pale anapotania, huikata pale anapokataa, na mtu unaweza kufumba macho ukajua kama amekaa au amesimama. Nilipoitazama filamu ile ukumbini nilifanya hivyo makusudi, kwa dakika chache, nikimfikiria bibi. Sikuhitaji kuuliza swali. Lawama yangu moja kwa filamu hii ni kwamba siasa zake zimesimuliwa kwa haraka kuliko mapenzi yake, na aliyeisoma riwaya atawakumbuka wenzake Denge na kutamani wangepewa nafasi zaidi ya kubishana, kwa kuwa mabishano ya barazani ndiyo chuo chenyewe cha siasa za Unguja. Lakini dakika tisini na kitu haziwezi kubeba kila kitu, na mwongozaji alichagua.

Upande wa tamthilia za kila siku, iliyopata maswali machache zaidi kwa bibi ni Sultana, ya Citizen TV ya Kenya, iliyoanza mwaka 2022, ambayo nilikuwa nikimwekea kwenye simu. Msichana mwenye jina hilo, aliyeigizwa na Mwanaasha Johari, haoni. Bibi hakujua hilo mwanzoni, alilitambua mwenyewe katika sehemu ya pili, kwa namna msichana alivyokuwa akinyamaza kidogo kabla ya kumjibu mtu, na akaniambia, "Huyu anasikiliza kama mimi." Tangu hapo alimfuata kama mtoto wa nyumbani. Watengenezaji wake, Rashid Abdalla na Lulu Hassan, waliotangulia kutoa Maria na Zora, wameipeleka lafudhi ya pwani ya Kenya sebuleni kwa Wakenya wote, na hilo nalihesabu kuwa mchango mkubwa, kwa sababu kwa miaka mingi mtu wa pwani katika vichekesho vya televisheni aliwekwa ili achekwe jinsi anavyosema. Hapa analia, anapanga hila, anapenda na kusamehe kwa lafudhi ileile. Lawama niliyo nayo ni ile inayozihusu karibu tamthilia zote za kila siku, Jua Kali ya kwetu Bongo ikiwemo: kisa ambacho kingeisha kwa sehemu ishirini hunyooshwa kwa macho yanayotazamana huku muziki ukipanda, na kwa mtu asiyeona, macho yanayotazamana ni ukimya mtupu. Hapo ndipo bibi huuliza kama umeme umekatika.

Country Queen, tamthilia ya Kenya iliyoingia Netflix Julai 2022 kwa sehemu sita, ina somo la namna yake. Akisa anarudi kijijini Tsilanga baada ya miaka ya Nairobi na kukuta kampuni ya dhahabu inakitishia kijiji, na watu wake huhama kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, Sheng na lugha za nyumbani kulingana na wanayeongea naye. Hakuna anayehama ili kumwonyesha mtazamaji kwamba amesoma. Nini Wacera, kama Vivienne Sibala, anaweza kutumia Kiingereza ukaamini kwamba hiyo ndiyo lugha ya hasira zake. Hadithi imebeba mizigo mingi mno kwa sehemu sita, na baadhi ya mafundo yamefunguliwa kwa pupa, ila masikio yangu hayakulalamika. Filamu iitwayo Binti, ya Seko Shamte, ya mwaka 2021, nayo inafaa kutajwa hapa: wanawake wanne wa Dar es Salaam, kila mmoja na dhiki yake, na mazungumzo mafupi ambayo yanamwachia mwigizaji nafasi ya kuvuta pumzi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni tamthilia za nje zinazoingizwa sauti za Kiswahili. Kwa mtu anayeweza kusoma maandishi chini ya kioo, sauti hizo ni starehe ya ziada. Kwa bibi yangu ndizo mlango pekee. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina kuhusu Mao Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili, nayo ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Baadaye Azam TV ikatuletea Sultan, ile ya Kituruki kuhusu Sultani Suleiman wa Dola ya Osmani na mkewe Hürrem, na nyumba ya bibi ikawa haina mazungumzo mengine. Nilimshuhudia akimlaani waziri wa ikulu ya Istanbul kwa jina, mtu aliyekufa karibu miaka mia tano iliyopita.

Kazi ile ni ngumu kuliko inavyofikiriwa. Mfasiri anapaswa kuiweka sentensi ndani ya muda ambao mdomo wa mwigizaji uko wazi, na Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, kwa hiyo "nilishakwambia" hukamilisha mengi kwa pumzi moja pale tafsiri ya neno kwa neno ingehitaji pumzi tatu. Mfasiri anayelijua hilo hufupisha, na aliyefundishwa kufuata kila neno hujikuta mwigizaji wa sauti anakimbia kama mtu anayesoma tangazo la msiba redioni huku muda umekwisha. Ndiyo maana nawatamani waingiza sauti wa leo wakae na kuwasikiliza wale waliotangulia kwenye mabanda ya video: Lufufu hapa Dar es Salaam, na DJ Afro kule Kenya, ambao walizichukua filamu za Kichina na Kihindi wakazisimulia kwa sauti zao wenyewe. Hawakufasiri kwa maana ya kamusi. Walimpa adui jina la mtaani, wakamwonya shujaa kabla hajageuka, wakakueleza kwamba mama yule analia kwa sababu mwanawe hajala tangu jana. Walikuwa wanajua kwamba bandani kuna mtu aliyekaa nyuma ambaye haoni vizuri kwa vichwa vya watu, na walimsemea yeye.

Kuna na suala la sauti kama sauti, ambalo nitaligusa kwa ufupi kwa kuwa dawa yake inajulikana. Bado zinarushwa tamthilia ambazo feni inasikika kuliko mwigizaji, au kinanda kinawekwa juu ya maneno ya siri ambayo kisa kizima kinayategemea. Kipaza sauti cha kubana kifuani ni kidogo kuliko kitufe cha shati, na mtu mmoja mwenye vipokea sauti masikioni, mwenye mamlaka ya kusema "turudie", angeokoa kazi nyingi nzuri ambazo kamera yake haikuwa na dosari.

Vuta N'kuvute bibi hajaisikia bado, maana haijapita kwenye king'amuzi chake. Mwezi uliopita nilimsimulia kisa chote, kuanzia Yasmin anapotoroka mpaka mwisho, huku yeye akisuka na mimi nikimenya machungwa. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu: "Na huyo Mwajuma, sauti yake ikoje?" Nikaanza kumweleza, nikasema ni nzuri, nikasema ni nzito kidogo, kisha nikaona maneno yangu hayafiki, nikanyamaza. Akaupapasa ukili mpaka akaipata ncha aliyokuwa ameiacha, akasema nikija tena nije nayo.