Kuku ana kaka

Siku hiyo niliandika ubaoni sentensi tuliyoisoma wiki nzima: kaka ana kuku. Watoto wangu wa darasa la kwanza, 120 ukitoa watoro, wakaisoma kwa pamoja mpaka darasa la jirani likanyamaza kutusikiliza. Nikafuta. Nikaandika upya, safari hii nimegeuza: kuku ana kaka. Nikainua fimbo ya kuonyeshea, nikagusa neno la kwanza.

"Kaka ana kuku!"

Nikagusa tena, taratibu. "Kaka ana kuku!" Sasa kwa nguvu zaidi, maana walidhani nimewarudisha kwa kuwa sauti haikutosha. Fimbo yangu iko kwenye kuku, midomo yao iko kwenye kaka. Dawati la mbele, upande wa dirishani, msichana mmoja mwembamba alinyamaza. Akakunja uso. Akautazama ubao, akamtazama mwenzake wa kushoto, kisha naye akaungana na wengine: "Kaka ana kuku."

Yule ndiye aliyekuwa anasoma. Wenzake wakamshinda kwa wingi, na mimi mwalimu wake nilikuwa nimeshawafundisha kwamba wingi ndio usomaji.

Nina miaka 14 nikifundisha madarasa ya chini huku Mbagala, na kwa nusu ya miaka hiyo nilijisifu kwamba darasa langu linasoma. Ukipita nje ungesikia: ba, be, bi, bo, bu, kama maulidi. Leo nasema waziwazi, na najua baadhi ya walimu wenzangu watanuna: kuitikia si kusoma. Tumewazoesha watoto kusikiliza mwenzao anasema nini, badala ya kuangalia maandishi yanasema nini.

Siwalaumu walimu kana kwamba mimi nilishuka kutoka mawinguni. Mimi mwenyewe nilisomeshwa kwa kuitikia. Halafu piga hesabu. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Ukiwa na watoto 120, kila mmoja ana sekunde 15, na hapo hujaita majina, hujafuta ubao, hujamtoa nje aliyetapika. Utaratibu unasema mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 watoto walikuja kwa wingi, na ni heri walikuja, lakini vyumba havikuongezeka kwa kasi ile. Shule nyingi za pembezoni mwa jiji zinakwenda kwa awamu mbili, hawa asubuhi, wale mchana, na wa mchana wanaingia wameshachoka kucheza juani. Kwa hali hiyo kuitikia kunampa mwalimu kitu cha thamani sana: darasa zima linafanya kazi moja kwa wakati mmoja na hakuna anayempiga mwenzake.

Tena sisemi kufutwe kabisa. Wimbo wa irabu unampa mtoto mgeni ujasiri, hasa yule ambaye wiki ya kwanza anashika sketi ya mama yake getini. Lakini wimbo uishie pale unapoishia.

Kinachonikera zaidi ni kwamba Kiswahili hakina sababu ya kumchukua mtoto miaka mitatu kujua kusoma. Maandishi yetu hayana mitego. Irabu tano, kila moja na sauti yake, leo na kesho. A ya mama ndiyo a ya samaki ndiyo a ya Ramadhani. Mwaka 1925 watu wa elimu wa wakati wa Mwingereza walikutana hapa hapa Dar es Salaam kuzungumzia Kiswahili kimoja cha kutumika mashuleni, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikasimamia vitabu na tahajia. Mengi ya kikoloni tumeyalalamikia, kwa haki, ila tahajia hii imemfaa mtoto. Mtoto akizijua irabu tano na konsonanti sita tu, tayari ana mama, kuku, meza, taa, nazi, kilima. Wenzetu wanaosomea kwa Kiingereza wanaanza na herufi ambazo zinabadili sauti kila zinapohama nyumba.

Wepesi huu ndio unaowaficha kasuku. Silabi zetu zinaimbika. Ba be bi bo bu inakaa kichwani kama wimbo wa kuruka kamba, na mtoto mwenye kumbukumbu nzuri anaweza kufika darasa la tatu bila kugundulika. Watu wa Uwezo, mradi wa kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, walipoanza kuwapima watoto majumbani mwaka 2010, kwa hadithi ya kiwango cha darasa la pili, zaidi ya nusu ya watoto wa darasa la tatu hawakuweza kuisoma. Watu walishangaa sana. Mimi nilishangaa kwa siku mbili, kisha nikawakumbuka wangu.

Mtaala wa mwaka 2015, ule uliorudisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kuwa shughuli kuu ya darasa la kwanza na la pili, ulitutaka tuanze na sauti za herufi: m, a, unganisha, ma. Tulikwenda semina, tukala wali, tukarudi na kabrasha. Wiki iliyofuata madarasa yote yalikuwa yanaitikia: "Mmmm! Aaaa! Ma!" Tulibadilisha maneno ya wimbo, wimbo ukabaki.

Basi nilifanya nini baada ya aibu ya kuku? Nilianza kumsikiliza mtoto mmoja mmoja. Hakuna utaalamu hapo. Kila siku watoto 12, dakika mbili kila mmoja, kwenye kiti karibu na meza yangu. Wengine wanaandika au wanachezea vizibo. Vizibo vya soda, nimeviokota dukani kwa mangi na kwenye kumbi za harusi, nikaviandika herufi kwa kalamu ya wino mzito. Kila dawati lina kopo lake. Nikisema "kuku", wanatafuta k, u, k, u, wanapanga. Nikisema "sasa iwe kaka", wanang'oa u mbili na kuweka a mbili. Hapo mtoto anaona kwa vidole vyake kwamba herufi ndiyo inayobadilisha neno. Baada ya siku 10 za shule nimewasikia wote, narudia tangu mwanzo.

Wiki ya kwanza nililia, sitanii. Niliokuwa nawahesabu kuwa wasomaji wazuri, wale wa kunyoosha mkono "mimi mwalimu, mimi mwalimu!", wengine hawakuijua hata herufi moja wakiwa peke yao. Nilianza kuwapa maneno yasiyokuwepo: bemi, tolu, kefa. Watoto wanacheka, lakini neno la uongo halikaririki. Anayejua kuunganisha atalisoma akicheka. Asiyejua atakutazama usoni akisubiri umalizie. Mzazi unayesoma hapa, jaribu leo usiku. Andika maneno matatu ya uongo kwenye karatasi, mpe. Au fungua kitabu chake, ziba picha, mwambie aanze na mstari wa mwisho.

Mwalimu mkuu wangu wa wakati ule alipita dirishani akasimama. "Mwalimu, mbona kimya? Leo hatufundishi?" Nikamjibu, "Wanasoma, mkuu." Akatikisa kichwa akaondoka. Kwenye kikao cha ijumaa akasema baadhi ya walimu wa madarasa ya chini "wamepoa". Darasa la kwanza lisilo na kelele linaonekana halina mwalimu, na mwalimu asiyepaza sauti anaonekana amekuja kuchoma mahindi.

Kuna tatizo la pili ambalo kuitikia kunalifunika, nalo ni urefu wa maneno yetu. Silabi ni nyepesi, neno ni treni. Mvulana mmoja alinisomea: "Bibi a-li-ye-tu-te-mbe-le-a a-li-tu-le-te-a ma-chu-ngwa." Hakukosea hata silabi moja. Nikamuuliza, nani alikuja? Akafikiri. "Machungwa." Alipofika mwisho wa treni alikuwa ameshasahau kichwa chake. Aliyetutembelea ni silabi nane, na Kiingereza kingeligawa kwa maneno matatu au manne. Ndiyo maana sipendi kuona mtoto anapimwa kwa kuhesabiwa maneno kwa dakika, halafu mtu analinganisha na nchi ambayo maneno yake ni mafupi kama punje za mchele. Yule mvulana hakuhitaji herufi zaidi. Alihitaji kuzoea vipande: ali-, -tu-, -lete-, kuviona kwa mkupuo kama anavyoviona vidole vyake. Nilimwandikia kadi: alileta, alituletea, hakutuletea, watatuletea. Ilichukua mwezi hivi.

Na hapa niseme kidogo kuhusu r na l, maana nimeona watoto wanachapwa kwa hilo. Mtoto akisoma kalamu akasema karamu, kwanza msikilize anavyoongea. Kama nyumbani kwao kalamu huitwa karamu, amesoma sawa, ulimi ndio wa kwao. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniandikia "nimesahau karamu yangu nyumbani", nikamwambia basi jioni nitakuja kula. Darasa lilicheka, naye hakulisahau tena.

Wazazi nao wana mambo yao. Baba mmoja alinijia mwezi wa tatu, analalamika: mtoto wa jirani anasoma inglishi midiamu, ameshahesabu mpaka mia kwa Kiingereza, wa kwake bado anapanga vizibo. Nikamwomba amlete huyo wa jirani siku moja, tumpe gazeti. Hakumleta.

Aliyenifundisha kitu ni bibi mmoja, muuza vitumbua, anayemlea mjukuu wake. Nilimwambia amsikilize mjukuu akisoma kila jioni, dakika tano. Akashusha ndoo yake akanitazama. "Mwalimu, mimi herufi sizijui hata moja. Nitajuaje kama ananidanganya?"

Nikakosa la kusema. Kisha nikamwambia, bibi, mwambie aweke kidole chini ya kila neno. Kidole kikisimama na mdomo ukaendelea, anakudanganya. Mdomo ukisimama na kidole kikasimama hapohapo, anatafuta. Mwache atafute, usimsaidie haraka.

Baada ya siku kama nne alinisubiri getini, ndoo kichwani. "Kakamatwa," akasema. "Kidole kilikuwa huku, yeye keshafika kwenye picha." Alicheka mpaka ndoo ikayumba. Mpaka leo sijampata mkaguzi wa usomaji mzuri kama yule bibi, na mjukuu wake alikuwa anasoma kabla ya likizo ya Desemba. Nimeshamweleza mzazi baada ya mzazi habari ya kidole. Waliosoma mpaka chuo ndio wanaodharau. Wanataka niwaambie programu ya kupakua kwenye simu.

Najua nitakachoambiwa: mwalimu, watoto 12 kwa siku, je yule wa 120? Ndiyo, anangoja siku 10. Ni nyingi kwa mtoto wa miaka sita. Wa nyuma kabisa haoni hata ubao, na nina wasiwasi macho ya wawili watatu hayako sawa. Wengine wanakuja bila chai, saa nne wanalala juu ya daftari. Hayo yote yapo, na mengine hayako mikononi mwangu. Lakini nikichagua kati ya kumsikiliza mtoto mara moja kwa siku 10 na kutomsikiliza mwaka mzima, sioni kama kuna mjadala. Na tungeacha kumpeleka darasa la kwanza mwalimu aliyeripoti jana, au yule aliyegombana na uongozi, kana kwamba ni jela, mambo yangekwenda upesi zaidi.

Yule msichana wa dirishani nilihakikisha anakuwa kwenye 12 wa kwanza. Alisoma kuku ana kaka bila kusita, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ameruhusiwa kucheka. Nikamruhusu.

Wiki chache baadaye tulikuwa tunatoka shule, mimi nakwenda kupanda daladala, yeye na wenzake wawili wanakwenda kwao. Kwenye uchochoro kuna ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu, yale maandishi ambayo kila mtu wa Dar ameyaona mpaka hayaoni tena. Akasimama. Kidole hewani, kinafuata ukuta.

"Nyu-mba. Hii. Ha-i-u-zwi."

Wenzake wakadaka papo hapo, wanaruka ruka: "Nyumba hii haiuzwi! Nyumba hii haiuzwi!" Yeye hakuitikia. Alikuwa bado anautazama ukuta, uso ameukunja vilevile kama siku ile.

"Mwalimu," akasema, "kwani nani alitaka kuinunua?"