Tatizo la matangazo ya nje ni laini moja

Mafundi mitambo wengi wa redio hawataki kusikia habari ya kuleta studio kwa intaneti matangazo ya nje, yaani yanayofanyika nje ya studio. Hoja yao ina uzito. Maikrowevu, mawimbi ya redio yanayorushwa moja kwa moja kutoka antena hadi antena, ni njia yako peke yako; intaneti unaigawana na mji mzima, na siku ya mechi kwenye uwanja wa CCM Kirumba, Mwanza, maelfu ya simu huulemea mnara uleule anaoutegemea mtangazaji.

Ila wengi wamehukumu kwa kusikia laini moja ya intaneti ikikwama hewani, na hapo ndipo hesabu inapowasuta. Sauti husafiri kwa pakiti, yaani vipande vidogo vya data, kwa kawaida za milisekunde 20, yaani pakiti 50 kila sekunde. Mtandao ukipoteza asilimia 1, anayefungua picha hagundui kitu, maana kilichopotea hutumwa upya. Matangazo mubashara hayana muda huo: asilimia 1 ni pengo moja kila sekunde 2, na hakuna msikilizaji wa kulivumilia kwa dakika 90. Sasa tuma sauti ileile kwa laini mbili, kila moja ikipoteza asilimia 1. Pakiti itakosekana pale tu inapopotea kote kuwili: 1 kati ya 10,000, pengo moja kila dakika 3 na sekunde 20. Kodeki (programu ya kubana na kufungua sauti) kama Opus huliziba, na sikio la kawaida halishtuki.

Sharti ni laini hizo zisitegemeane kweli. Kadi za simu za kampuni mbili zinaweza kuwa zinatumia mnara mmoja. Na Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, sauti ya kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kuja Mwanza kwa kupitia seva ya Ulaya ingekwama hata minara yote ikiwa mizima. Seva iwe hapahapa nchini.

Maikrowevu nayo ina yake: ikivuka ziwa kwenda Ukerewe, maji huakisi mawimbi na mapokezi hupanda na kushuka.

Kutoka studio hadi mtambo wa kurushia, ningeiacha maikrowevu, intaneti ikae akiba. Mahojiano ya kujibizana kwa intaneti pia huumia sauti ikichelewa sekunde nzima, watu wanaingiliana. Lakini mvuvi wa kisiwa cha Ukara kuletwa hewani kwa simu ya kawaida, inayokata sauti zote nyembamba kupita hertz 3,400 na kumnyang'anya nusu ya sauti yake, wakati laini mbili za intaneti za kilobiti 64 kwa sekunde zingemleta mzima, hilo sioni linavyotetewa.