Stesheni ya Moshi Nayo Iwekewe Ramani

Karibu na Portsmouth, kusini mwa Uingereza, kuna jumba liitwalo Southwick House. Mwaka 1944 Admirali Bertram Ramsay, aliyeongoza meli za Washirika waliopigana na Ujerumani, alilifanya makao yake akipanga uvamizi wa Normandy, Ufaransa. Ukutani wakaweka ramani kubwa ya mbao iliyotengenezwa na Chad Valley, kampuni ya vitu vya kuchezea watoto. Ili siri isivuje, kampuni iliagizwa ichonge pwani yote kuanzia Norwei hadi Hispania, ilhali kilichohitajika ni kipande cha Normandy tu. Mafundi wawili walioipachika walizuiwa humo hadi majeshi yalipotua Juni 6. Ramani ingali ukutani palepale.

Nasi wa Moshi tuiweke yetu, tena stesheni. Bahari hatuna, lakini vita vya pwani vilipita kwetu. Mapema Novemba 1914, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, meli za Waingereza zilishusha askari kutoka India huko Tanga. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani waliotawala huku, akawapakia watu wake kwenye mabehewa hapa Moshi, wakateremka, na baada ya siku chache wavamizi walirudi melini wakiacha bunduki na risasi kibao.

Kisha bahari yenyewe ikatupandia. Manowari ya Wajerumani Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, iliangamia Rufiji Julai 1915. Mizinga yake 10 ikaopolewa, ikakokotwa kwa kamba na mamia ya watu hadi Dar es Salaam, ikaundiwa magurudumu. Machi 1916 mmoja ulikuwa Kahe, hapo chini tu, ukiwapiga wanajeshi wa Smuts, jenerali wa upande wa Waingereza. Mizinga ya meli hiyo leo unaweza kuiona Fort Jesus, Mombasa, na kule Pretoria.

Majina ya makamanda yamejaa vitabuni. Wanaoniuma mimi ni wale wa kwenye kamba: mzinga wa meli, matope ya Rufiji, mabega ya watu. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hii, wengi kwa maradhi na njaa, na wengi wao hata kaburi halijulikani.

Treni ya abiria ilirudi Moshi mwaka 2019, na anayeisubiri ana muda wa kusoma. Mafundi seremala wazuri tunao. Wachonge reli hadi Tanga, wachonge Rufiji na njia ya wapagazi, maelezo yawe ya Kiswahili. Kahe iandikwe kwa herufi kubwa, maana treni inapita hapohapo.