Kelele si rufaa

Kijana wangu wa mita 800 alimaliza wa kwanza, akaenguliwa kwa kukanyaga ndani ya mstari kwenye kona ya mwisho. Hapa Tabora mistari tunaichora kwa chokaa. Ikifika adhuhuri, vumbi na nyayo zimeshaifuta nusu. Nilikwenda mezani kwa waamuzi nikifoka, walimu wenzangu nyuma yangu nao wakifoka. Jioni, mambo yamekwisha, mzazi mmoja akanionyesha video kwenye simu yake: kijana alisukumwa begani, ndipo mguu ukaingia ndani.

Linaniuma mpaka leo, kwa sababu kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, zilikuwa upande wetu. Mkimbiaji aliyesukumwa akakanyaga mstari, bila kupata faida ya maana, haenguliwi. Ila lazima mtu apeleke pingamizi kwa refa, hata kwa mdomo, ndani ya dakika 30 tangu matokeo yatangazwe rasmi. Refa akikataa, kuna dakika 30 nyingine za kufika kwenye jopo la rufaa, safari hii kwa maandishi yenye sahihi, na amana ya dola 100. Mimi zile za kwanza nilizimaliza kwa kufoka.

Kumbukeni Olimpiki ya Rio 2016. Akina dada wa Marekani walidondosha kijiti kwenye mchujo wa mbio za kupokezana za mita 100 mara 4. Wakakata rufaa, wakaonyesha kwamba Allyson Felix aligongwa na mkimbiaji wa Brazil; wakaruhusiwa kukimbia tena peke yao, na kesho yake wakatwaa dhahabu. Siku moja kabla, Ezekiel Kemboi wa Kenya alipokonywa shaba ya kuruka viunzi na maji, Wafaransa walipoweka pingamizi kwamba alikanyaga nje ya njia. Yeye hakusukumwa na mtu.

Siku hizi naingia uwanjani na daftari, na mwalimu mmoja anakaa kwenye kona na simu. Naandika saa ya tangazo, namba ya kijana, kona ipi, nani alimgusa, kanuni gani. Sentensi sita tu. Neno "uonevu" nimelifuta kabisa. Mwamuzi huenda hakuona, na kazi yangu ni kumwonyesha.

Waandaaji nao wana deni kwetu. Siku ile matokeo yalisomwa kwenye kipaza sauti kilichokuwa kikikatikakatika, hata ningekuwa na akili timamu nisingejua dakika zimeanza kuhesabiwa lini. Bandikeni matokeo ubaoni, na saa iandikwe pembeni yake.