Jaguar Nzuri, Haya. Halafu?

Juzi baada ya Isha, barazani kwetu, kijana mmoja aliyerudi likizo kutoka Uingereza alitupitishia simu mkono kwa mkono. Ndani mna Jaguar E-Type nyekundu. Tukatazama, tukasema mashaallah. Hapo angenyamaza tungelala vizuri. Lakini akatia neno: ati Mjapani hajapata kuunda gari ya spoti, kazi yake kutumwagia mitumba bandarini. Wallahi kahawa ilinipalia.

Kwa sura, sibishi. Tangu ilipooneshwa Geneva mwaka 1961 E-Type haijapata mwenziwe, na ile boneti ndefu ya Datsun 240Z, gari ya spoti ya Mjapani, haikuanguka kutoka mbinguni. Mjapani alichungulia kwa jirani. Haya, yamekwisha.

Sasa tuulizane: gari ya spoti ni ya kwendea au ya kuposea?

Kwenye karatasi ni mtu mzima na mtoto. E-Type ya mwanzo ilikuwa na injini ya lita 3.8 na nguvu za farasi 265, kwa hesabu ya wenyewe walioiuza. 240Z ina lita 2.4 na farasi 151. Lakini mwaka 1971 huyo mtoto alipelekwa Safari Rally, huku kwetu Afrika Mashariki, siyo kwenye lami laini za Ulaya. Mawe, vumbi, masika ya Pasaka, matope ya kumeza tairi. Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda nayo. Mtasema bahati? Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nayo tena, na aliyelingana na Mehta kwa pointi, Harry Källström, naye alikuwa ndani ya Datsun! Jaguar wakati huo iko mbele ya hoteli, inapigwa picha.

Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na Datsun 1600 kuukuu, rangi haijulikani tena. Injini yake na ya 240Z ni ukoo mmoja: ya 1600 ina silinda nne, ziongezee mbili za kipimo kilekile, unapata ile ya lita 2.4. Alikuwa akifungua kifuniko cha juu, ananipa fila, kile kibati chembamba cha kupimia, nishike, ananionesha kupima nafasi ya valvu moja baada ya moja. "Ipite kwa kusita," alikuwa akisema, "ikipita bure umelegeza." Nilikuwa na miaka kumi na moja na nikaweza. Sasa nenda kabadilishe diski za breki za nyuma za E-Type. Hazipo kwenye magurudumu kama za watu, zimejificha katikati, ubavuni mwa difu, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma. Fundi huishia kushusha kiunzi chote cha nyuma. Mwingereza huyo, anaweka breki kama bibi anavyoficha dhahabu.

Kutu, zote mbili zinaliwa. Upepo wa bahari haukagui pasipoti.

Basi nikamuuliza kijana, hiyo Jaguar yako ikikuzimikia usiku njia ya Makunduchi, utafanyaje?

"Ami, mie nitamleta fundi kutoka Uingereza."

Muuza kahawa, ambaye usiku kucha hajasema kitu, akamwambia alipe kwanza vikombe vyake viwili.