“Si angetoa tu hiyo hela?”

Kiangazi kikiingia, kuanzia Juni hivi, magrupu ya WhatsApp ya Mwanza hupokea tangazo la namna moja. Mtu tunayemfahamu, pengine nesi, mhasibu au mwalimu wa sekondari, anasema atapanda Mlima Kilimanjaro ili kuchangia matibabu ya watoto wenye selimundu au saratani. Picha yake akiwa na koti jipya inawekwa, lipa namba inawekwa, na orodha ya ahadi inafunguliwa. Haipiti saa moja kabla mtu hajaandika sentensi ambayo sasa nimeikariri: “Si angetoa tu hiyo hela moja kwa moja hospitali?” Chini yake wanafuata wa kucheka, na wa mwisho anafunga mjadala kwa neno moja tu: kiki, yaani anatafuta umaarufu tu.

Hoja ya walalamikaji ina nguvu kuliko wanavyoieleza wenyewe. Mwaka 1999 jarida la kitabibu liitwalo Injury lilichapisha ukaguzi wa miaka mitano uliofanywa na madaktari wa Tayside, Scotland, kuhusu majeruhi wa kuruka na parachuti, wengi wao wakiwa wameruka ili kuchangisha fedha za hisani. Walikuta kwamba kila pauni 1 iliyochangwa kwa njia hiyo iliigharimu huduma ya afya ya umma pauni 13.75 za kuwatibu walioumia. Ningekuwa mpinzani wa mambo haya, ningeibandika namba hiyo kila mahali.

Na Kilimanjaro si Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa hapa Mwanza ulio ziwani. Mtu aliyezoea kuishi kwenye mita 1,134 za ufukwe wa ziwa anapelekwa mpaka mita 5,895, mahali ambapo hewa anayovuta ina kama nusu ya oksijeni anayoipata mtu wa Dar es Salaam. Kila msimu wapo wanaoteremshwa kwa machela ya gurudumu moja, na wanaoisukuma ni vijana ambao hawakuomba mchango wa mtu. Kwa hiyo swali la nani anabeba gharama ni swali la haki. Wazungu nao wamelichafua: katika mtindo uliozoeleka Uingereza, mpandaji huahidi kuchangisha kiasi fulani, kisha sehemu ya fedha hizo hizo ikalipia safari yake. Aliyetoa akidhani anamnunulia mgonjwa dawa anakuta amemlipia jirani yake utalii. Mtu akikasirikia hilo, namuunga mkono bila masharti.

Lakini wengi wa hapa kwetu wanaotukanwa hawafanyi hivyo. Wamejilipia wenyewe, wengine kwa kudunduliza mwaka mzima. Hapo ndipo hoja ya “si angetoa tu” inapoanza kuvuja.

Tuchukue mfano. Mhasibu wetu anatumia milioni 1.5 kwa nauli ya basi, ada za hifadhi, mwongozaji, wagumu wa kubeba mizigo, chakula na nguo za baridi za kukodi. Anachangisha milioni 6 kutoka kwa watu 240, wastani wa 25,000 kila mmoja. Mlalamikaji anaitazama ile milioni 1.5 na kusema ingefaa wodini. Haya, tuseme mhasibu amekubali. Amebaki nyumbani Buhongwa, ameituma yote Bugando. Hospitali imepata milioni 1.5. Zile milioni 6 ziko wapi? Ziko kwenye simu za watu 240 ambao hakuna aliyewaomba.

Tuziweke kwenye kitu cha kushikika. Toto Afya Kadi ya NHIF, kabla usajili wa mtoto mmoja mmoja haujasitishwa mwaka 2023 na wazazi kuambiwa wapitie shuleni, ilikuwa sh 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Kwa bei ile, milioni 1.5 inakata kadi za watoto 29. Milioni 6 zinakata za watoto 119. Tofauti ni watoto 90, na hao 90 ndio wanaopotea kila tunapomcheka mtu mpaka akaghairi safari.

Nimeigeuza hesabu hii huku na huku nikitafuta upenyo wa kumpa mlalamikaji haki yake, na nilipata mmoja. Huenda baadhi ya wale 240 wangetoa hata bila mlima. Huenda wengine wamepunguza sadaka ya Jumapili au wamemkwepa bibi harusi fulani ili wampe mhasibu, kwa hiyo hakuna hela mpya, imehama mfuko tu. Sawa. Tuwafute nusu nzima, watu 120, kana kwamba hawakuwepo. Zinabaki milioni 3, kadi 59. Bado ni mara mbili ya alichokuwa nacho mhasibu mwenyewe.

Yupo mlalamikaji wa aina nyingine ambaye simchukulii kwa wepesi. Huyu anauliza kwa nini mtoto wa Sengerema apate dawa kwa sababu mgeni fulani alifika kilele cha Uhuru, badala ya kuipata kwa sababu ni raia. Nchini kwetu watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yaliyoelemewa zaidi. Hakuna koti la baridi litakalomaliza hilo. Anasema kweli, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ndiyo mahali pa kumdai serikali. Ila mtoto aliyelazwa wiki hii hawezi kusubiri mpaka sheria imfikie.

Turudi kwenye kiki, maana hapo ndipo sumu ilipo.

Watu wetu hawatoi kwa taasisi. Wanatoa kwa mtu. Hospitali ya Bugando iko kilimani pale tangu 1971, kila abiria wa daladala anaiona, na inahudumia kanda nzima. Ni wangapi kati yetu waliamka asubuhi moja wakaitumia 25,000 bila kuombwa na yeyote? Lakini mtoto wa dada yetu akitangaza harusi, kamati inaundwa, kadi zinatembea, orodha inapandishwa kila jioni na tiki mbele ya majina ya waliolipa, na aliyeahidi laki moja halafu akanyamaza anaona jina lake likining'inia peke yake. Huo ni mchanganyiko wa mapenzi, sifa na aibu, na umetujengea makanisa, misikiti na madarasa. Mpanda mlima amechukua chombo kile kile akakielekeza wodini. Kuna wachache wanaosema maharusi wangepewa kiwanja badala ya ukumbi, na hawasikilizwi na mtu.

Kisha kuna kazi ya kukumbusha, ambayo asiyewahi kuchangisha haielewi. Kuomba ni rahisi. Kukumbusha mara ya pili kunakera, na ya tatu watu wanazima taarifa za grupu. Mlima unampa mchangishaji kitu cha kusimulia siku tano au sita mfululizo bila kunyoosha mkono. Leo yuko geti la Marangu. Jioni amelala Mandara. Kesho yuko Horombo, mita 3,720, kichwa kinamgonga, amekunywa supu tu, na wenzake wa ofisini wanamtania: “Kaza shemeji, ugali uko huku.” Katikati ya utani huo mtu anatuma 10,000. Ndiyo maana TTCL ilipofikisha intaneti ya kasi Horombo mwezi Agosti 2022, na watu wakauliza mlimani mtu anataka bando la nini, mimi niliona faida upesi. Zamani simulizi lilikuja baada ya mtu kurudi, moto ukiwa umeshazimika.

Na ndiyo, watu wanafurahia. Anayepanda anafurahia kutazamwa, anayetazama anafurahia kumtania mtu akihema. Sioni dhambi iko wapi. Majira ya joto ya 2014 mamilioni ya watu duniani walijimwagia ndoo za maji ya barafu mbele ya kamera. Wenye busara walikunja uso, na chama cha Marekani kinachoshughulikia ugonjwa wa neva uitwao ALS kikapokea dola milioni 115. Tatizo la mchezo ule halikuwa furaha. Lilikuwa kwamba furaha ile haikurudi kwa ukubwa huo mwaka uliofuata. Mlima una nafuu kidogo hapo, kwa sababu kila mwaka anapanda mtu mwingine, mwenye shangazi wengine na wanafunzi wengine wa kuwaomba.

Wala usidhani jambo hili limeletwa na Instagram. Ng'ambo ya ghuba, Geita, mgodi wa dhahabu ulianzisha Kili Challenge mwaka 2002, kabla Facebook haijazaliwa, kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI, kwa kushirikiana na TACAIDS, tume ya serikali ya kudhibiti UKIMWI. Katika hafla za namna hiyo wakurugenzi wanasimama ukumbini na mfano wa hundi mkubwa kama mlango, wanapigwa picha, gazeti linazitoa. Sijamsikia mtu akiita hiyo kiki. Inaitwa uwajibikaji kwa jamii. Nesi akipiga picha ya simu kwa ajili ya wodi ile ile, amekuwa mtafuta sifa. Mnielewe, sina ugomvi na hundi kubwa; ninauliza tu kwa nini sifa ya mwenye tai inavumilika.

Swali gumu kuliko yote niliulizwa na mama mmoja wa Mabatini. Yeye hupanda miamba kila siku na ndoo ya maji kichwani, akauliza atachangiwa na nani. Sikuwa na jibu la kumridhisha, na silo la kutafutiwa jibu la haraka. Watu huchangia safari isiyo ya kawaida. Shida ya kila siku huzoeleka mpaka haionekani. Huo ni upungufu wetu sisi tunaotoa. Kumzuia nesi kupanda hakumpunguzii yule mama ngazi hata moja.

Mahali ambapo wapandaji wenyewe wanastahili kubanwa ni kwingine kabisa, na naona wanabanwa kidogo mno. La kwanza ni picha za watoto. Mtoto mwenye uvimbe shavuni, amelala na dripu, uso wazi, anarushwa kwenye stetasi ya watu 240 ili michango ipande. Hakukubali yeye, na mama yake amekubali huku anahitaji dawa, jambo ambalo si kukubali. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile inazozilinda zaidi. Uso wa kutumia kwenye kampeni ni wa anayepanda. Ndiyo kazi aliyojitolea.

La pili ni risiti. Watu wa ziwa hili wana sababu ya kuwa wagumu. Tetemeko la Septemba 2016 lilipoua watu wasiopungua 17 Kagera na kubomoa nyumba za maelfu, nchi nzima ilichanga. Baadaye serikali ikatamka kwamba fedha zitakarabati miundombinu ya umma, shule na vituo vya afya, na si kugawiwa kwa walioangukiwa nyumba. Uamuzi huo unaweza kutetewa. Lakini waliotoa wakiwa na picha ya bibi fulani chini ya turubai hawakusahau. Sasa namba ya kulipia ikileta jina la mtu binafsi badala ya hospitali au mfuko uliosajiliwa, mkono unasita, na unasita kwa haki. Mpandaji aliyeweka picha arobaini za safari na hana moja ya stakabadhi ya hospitali amempa mlalamikaji ushindi wa bure.

La tatu ni wagumu. Safari ya bei nafuu ya hisani mara nyingi imepatikana kwa kumminya aliye chini kabisa. Kikomo cha mzigo wa mgumu ni kilo 20, na unaopimwa getini unaweza kuongezeka ukishapita geti. Mtu anayesema anapanda kwa ajili ya wanyonge, halafu akachagua kampuni kwa kuangalia bei tu, asishangae tukimuuliza kijana aliyebeba hema lake alilipwa kiasi gani, na alilala wapi.

Haya yote yanaulizika kwenye grupu lile lile, kwa lugha ya heshima: “Dada, gharama zako umelipa mwenyewe? Namba ni ya nani? Wagumu wako wanalipwaje?” Ni maswali matatu, na ukijibiwa unatoa au hutoi. Ila hayachekeshi, ndiyo maana tunaruka moja kwa moja kwenye kiki.

Na kuna orodha ile ya ahadi. Mpandaji amesharudi, midomo imebabuka, vidole vya miguu vinauma, na bado jioni anapigia watu simu mmoja mmoja, maana ahadi si taslimu, na wapo waliokuwa wepesi kuandika 50,000 siku ya kwanza ili waonekane. Ukipitia majina yasiyo na tiki utashangaa ni wangapi kati yao ndio walioandika kwamba angetoa tu hiyo hela.