Inktober: achaneni na gargoyle, choreni kaa

Inktober ni changamoto ya kuchora kwa wino kila siku ya Oktoba, siku hizi kwa orodha ya maneno, moja kwa siku. Na kila Oktoba Mosi maswali ni yale yale: orodha ya mwaka huu iko wapi, na nani ana wazo la neno la leo? Watu wazima wenye mikono mizuri kabisa wanakaa na kalamu wakimsubiri Mmarekani awapangie cha kuchora. Jake Parker alianzisha Inktober mwaka 2009 ili ainoe kazi yake ya wino, basi. Orodha rasmi ya kwanza ilitoka 2016. Oktoba saba zilipita bila orodha na hatujasikia aliyeugua.

Tena orodha yenyewe inatumika vibaya. Mwaka 2022 siku ya kwanza neno lilikuwa gargoyle, lile zimwi la jiwe linalotema maji ya mvua kwenye makanisa ya kale ya Ulaya. Mchoraji wa Temeke au Likoni anafungua simu, ananakili picha ya kwanza anayoiona, na mabawa yanamshinda. Angejiuliza tu: hapa kwetu ni nini kinatema maji kutoka juu? Bati lililopinda, ndoo chini yake, mtoto anajisugua sabuni. Mchoro umeshapatikana.

Siku ya nne likaja scallop. Ukilichora bila kufikiri unapata nembo ya kituo cha mafuta. Lisogeze kwenye Kiswahili uone: kombe. Kombe la pwani, lile gamba. Kombe la washindi, na mwaka huo huo dunia nzima ilikuwa inahesabu siku za Kombe la Dunia kule Qatar! Halafu kombe la kunywa, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji. Yaani katika shindano la wino tulipewa neno lenye wino ndani yake, tukachora nembo. (Ukilichora hilo la tatu, onyesha sahani na rangi inavyoyeyuka majini, aya ziache.)

Wazo la mchoro ni vitu viwili vilivyokutana pasipotarajiwa. Lugha yetu imeshavikutanisha, wewe unavipita kamusini kama huvioni. Kaa huyu na kaa hili. Taa huyu na taa hii. Kamba huyu wa kukaanga na kamba hii ya kufungia mashua. Mto wa kulalia na mto wa maji. Mbuzi wa zizini na mbuzi wa kukunia nazi, ambaye ulimi wake wa chuma una meno. Kaa chini nusu saa mwishoni mwa Septemba na mtu mmoja mzima wa pwani, mtapata 31 na kubaki na akiba.

Ila maana mbili peke yake hazitoshi, na hapa ndipo wengi huharibu. Kumchora paa amesimama juu ya paa ni mzaha wa maneno, jicho halipati kitu. Tafuta mahali ambapo vitu hivyo viwili vinachorwa kwa mstari mmoja. Kuna kupaa samaki: magamba yamelaliana safu kwa safu, na vigae vya paa vimelaliana vivyo hivyo. Anza na magamba mkiani, ukifika kichwani yawe vigae. Mto nao ni hivyo hivyo, mikunjo ya foronya ikishuka inakuwa mikondo ya maji bila kuinua kalamu. Kisha mwonyeshe mtu bila kumtajia neno. Ukilazimika kueleza, rudia. Na maneno ambayo maana yake moja haina umbo, kama barabara ya "sawasawa", yaondoe mapema.

Wino nao una masharti yake. Nyeupe yako ni karatasi, ukishaifunika hairudi, kwa hiyo amua weusi kabla ya kitu kingine. Chora visanduku vinne vya sentimita 3 kwa 4 kwa penseli, jaza weusi mahali tofauti katika kila kimoja, chagua. Taa ni rahisi: bahari ya usiku nyeusi tii, samaki mweupe ndiye mwanga. Kaa ndani ya jiko la mkaa ni mtihani, maana ni giza juu ya giza. Mwachie uzi mweupe wa milimita moja kumzunguka, makaa uyachore kwa mistari iliyonyooka yenye pembe, yeye kwa mistari ya mviringo. Kosa la kuwapa wote mistari ya aina moja ndilo linalozaa madoa yasiyosomeka.

Ukubwa: A6. Anayeanza na A4 anachoka ndani ya wiki kwa sababu ya kujaza weusi. Karatasi nane za A4 zikikatwa nne nne zinatoa 32, yaani siku zote na moja ya kuharibu. Uzito wa karatasi uwe gramu 200 kwa mita ya mraba kwenda juu. Karatasi ya fotokopi wino wa maji unatambaa, na kwa unyevu wa pwani unatambaa zaidi. Kama ni hiyo tu uliyonayo, tumia peni ya kawaida, na ufute ncha yake kwenye kitambaa kila mara, la sivyo itaacha matone. Raba isiguse penseli mpaka wino ukauke kabisa. Wino wenye shelaki, aina ya gundi, usiutie kwenye kalamu ya kujaza: hugandia ndani.

Haya, orodha ina faida moja: saa nne usiku, ukiwa umechoka, neno limeshachaguliwa. Na neno roasted (kilichochomwa) la 2018 lilitukubali wenyewe, mahindi yale pale barabarani. Pia si lazima siku zote 31. Kuchora siku moja na kuruka moja kunaruhusiwa, na wenye Inktober wanaiita njia hiyo nusu marathoni. Ukienda hivyo unahitaji maneno 16. Kaa, taa, kamba, mto, mbuzi, paa, kombe: saba hayo, bado tisa.